Geti la shamba lisikurudishe: kutembea na kula katika bonde la Usk, Wales

Sisi watu wa Afrika Mashariki tulioko Uingereza na Wales tuna mazoea ya kukaa mjini. Siku ya mapumziko ikifika tunakwenda sokoni, harusini, kwa ndugu aliyeko Birmingham au Leicester, na kama ni matembezi basi ni London. Mashambani tunapapita kwa treni tu, tukitazama kondoo dirishani. Nimeishi Newport, kusini mwa Wales, muda wa kutosha kujua kwamba sababu si uvivu wala baridi. Sababu kubwa ni geti. Tumelelewa tukijua kwamba shamba lenye uzio na geti lililofungwa ni mali ya mtu, na ukiingia bila hodi utafukuzwa, pengine kwa mbwa. Kwa hiyo tukifika pale lami inapoishia na geti linapoanza, tunageuka tulikotoka.

Nawaandikia wenzangu kwa sababu huku, mara nyingi sana, geti hilo una haki ya kulifungua ukapita.

Ardhi ni ya mkulima, nyasi ni zake, kondoo ni wake, lakini kinjia kinachokatiza katikati ya shamba ni cha kila mtu. Vinjia hivi ni vya zamani. Watu walipita humo kwenda kanisani, kwenye kinu cha nafaka, sokoni, machimboni. Sheria ya mwaka 1949, ile ile iliyoleta hifadhi za taifa, iliziagiza halmashauri zivisajili kimoja kimoja kwenye ramani rasmi. Kikishaandikwa, mkulima haruhusiwi kukiziba, na akilima juu yake anatakiwa akirudishe kipitike. Ikaja sheria nyingine mwaka 2000, iliyoanza kutumika kikamilifu Wales mwaka 2005, ikaongeza haki ya kutembea kwa miguu kwenye milima ya wazi na malisho ya pamoja, hata nje ya njia.

Alama zake si ngumu. Mshale wa manjano ni njia ya waenda kwa miguu. Wa bluu ni njia ambayo farasi na baiskeli nazo zinaruhusiwa. Mshale mara nyingi umepigiliwa kwenye nguzo ya geti lenyewe. Kuna geti moja la mashambani ninalolipenda sana: dogo, limewekwa ndani ya uzio uliopinda nusu duara. Unalisukuma, unaingia kwenye nafasi inayomtosha mtu mmoja, unalirudisha ulikotokea, kisha unapita upande wa pili. Mtu anapita, kondoo hapiti, na hakuna komeo la kusahau kufunga.

Mama mdogo alipokuja kututembelea kutoka Tanga, alisimama mbele ya geti la namna hiyo akakaza mtandio wake. "Mwanangu, hili si shamba la watu hili? Twaingiaje bila hodi?" Nikamwonyesha mshale. "Na mwenyewe akitokea?" Mwenyewe alitokea kweli, juu ya pikipiki ya magurudumu manne, mbwa wawili nyuma. Akapunguza mwendo, akatusalimia, akatuonya kwamba mbele kuna tope na ni afadhali tushike kando ya uzio, akaenda zake. Tangu hapo Mama mdogo ndiye aliyekuwa akitangulia kutafuta mishale.

Mahali pa kuanzia ni Abergavenny, ambao kwa Kiwelshi unaitwa Y Fenni. Treni ya kwenda Hereford inatoka Newport na kufika hapo kwa chini ya nusu saa. Mji ni mdogo, umekaa kwenye kona ya Mto Usk, na milima mitatu inauzunguka: Blorenge wenye mita 561, Sugar Loaf wenye mita 596 na kilele kilichochongoka, na Skirrid wenye mita 486, ambao umesimama peke yake upande wa mashariki. Kaskazini na magharibi kuna hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1957, ambayo tangu Aprili 2023 inatumia jina lake la Kiwelshi tu, Bannau Brycheiniog. Usifikirie hifadhi ya wanyama yenye lango na tiketi. Watu wanaishi ndani yake, wanafuga, wana shule na maduka, na kuingia ni bure.

Nenda Jumanne kama unaweza, kwa sababu ndiyo siku kubwa ya soko. Jengo la soko lina mnara wenye paa la kijani linaloonekana kutoka mbali. Zamani mji ulikuwa na mnada wa mifugo pia katikati yake, lakini mwaka 2013 ulihamishiwa karibu na Raglan, na sasa pale ulipokuwa pana duka kubwa na maegesho ya magari. Nasikitika nilichelewa kuuona. Soko lililobaki bado ni zuri: jibini, mikate, asali, mimea ya bustani, na wazee waliokuja kwa mazungumzo zaidi kuliko manunuzi.

Hapo utakutana na vile vikeki bapa vya Wales. Unga, siagi, sukari, zabibu kavu ndogo na viungo kidogo kama kungumanga, vinakandwa, vinasukumwa, vinakatwa duara, kisha vinaokwa juu ya chuma bapa kama cha chapati. Kwa nje vinakuwa na rangi ya kahawia, ndani vinabaki laini, na vikiwa vya moto sukari iliyonyunyizwa juu inaanza kuyeyuka. Mama mdogo aliinamia chuma kile muda mrefu, akitazama muuzaji anavyogeuza, kisha akasema: "Moto wake mdogo. Ndiyo maana haviungui." Lakini uliza jambo moja kabla hujanunua: mapishi ya zamani yanatumia mafuta ya nguruwe pamoja na siagi au mahali pake. Wengi siku hizi wanatumia siagi tupu, na muuzaji atakujibu bila kukunja uso.

Kwa kuwa nimeligusa hilo, nilimalize, maana najua wengi mtaniuliza habari za chakula. Nyama katika mikahawa na baa za vijijini kwa kawaida si ya kuchinjwa kwa njia ya halali, isipokuwa wenyewe wawe wamesema. Hata chipsi na samaki, kuna maduka yanayokaangia mafuta ya ng'ombe badala ya mafuta ya mimea. Welsh rarebit, ile tosti inayomwagiwa jibini lililoyeyushwa na haradali, kwa kawaida ina bia ndani yake. Jibini linaloitwa Y Fenni, kwa jina la mji wenyewe, lina haradali nzima na bia pia. Baada ya hayo bado kuna vya kula. Kuna soseji za Glamorgan, ambazo hazina nyama kabisa: ni jibini, liki na chenga za mkate, zinaviringishwa na kukaangwa. Kuna supu ya liki na viazi. Kuna bara brith, mkate mzito wa matunda makavu yaliyolowekwa kwenye chai ya rangi usiku kucha, unaoliwa kwa siagi. Na kuna bara lawr, ambao ni mwani uliochemshwa kwa saa nyingi mpaka ukawa rojo zito jeusi la kijani. Wenyeji wanauchanganya na unga wa oti, wanaukaanga, wanaula asubuhi kwa kome na nyama ya nguruwe, lakini unaweza kuuomba peke yake na yai. Kwetu, akina mama wa Zanzibar na Pemba wanalima mwani mwingi wa kuuza nje na ni nadra kuuona sahanini. Huku wa aina nyingine unaliwa kwa fahari.

Chakula cha nchi hii, ukitaka nikutajie kimoja, ni cawl. Ni mchuzi wa mwanakondoo, viazi, karoti, liki na mboga za mizizi, unaopikwa taratibu na kuliwa kwa mkate na kipande cha jibini. Mimi ninaupika nyumbani kwa nyama ya bucha la halali la Newport, na kesho yake ni mtamu zaidi. Sioni haja ya kuongeza bizari. Nyama ya kondoo wa mlimani ina ladha yake.

Usione aibu kuingia baa ya kijijini kama hunywi. Huko baa ndiyo sebule ya kijiji. Familia zinaingia na watoto, watu wanaingia na mbwa wenye tope, na chungu cha chai kinaagizwa kaunta ile ile. Hakuna atakayekuuliza kwa nini hunywi. Mtu mwingine hataki kabisa kukaa palipo na pombe, nami naelewa. Abergavenny, na Crickhowell, mji mdogo tutakaoufikia mbele, kuna vyumba vya chai vya kutosha.

Kabla ya kuondoka mjini, ingia kanisa la Mtakatifu Maria. Ndani kuna sanamu ya Yese, baba wa Nabii Daudi, amelala chali, ndevu zimemtiririka, imechongwa karne ya 15 kutoka kwenye gogo moja la mwaloni. Ni sehemu iliyobaki ya mchongo mkubwa wa ukoo wake, ulioinuka kutoka mwilini mwake. Mengine yote yamepotea. Nimesimama pale na kushindwa kuhesabu mikunjo ya vazi lake. Ngome iliyoko hatua chache ni gofu sasa, na historia yake ni chafu: mwaka 1175 bwana wa ngome, William de Braose, aliwaalika wakuu wa Kiwelshi ukumbini kwake na kuwaua humo humo.

Chini ya ngome kuna malisho ya wazi ukingoni mwa Mto Usk. Hapo ndipo matembezi ninayowapa wageni wangu yanapoanza. Unafuata mto hadi daraja la mawe, unavuka, unapanda kijiji cha Llanfoist mpaka nyuma ya kanisa, na hapo juu, ndani ya miti, unakuta maji yaliyotulia kabisa: mfereji wa Monmouthshire na Brecon. Ulichimbwa kuanzia mwaka 1797 na kukamilika 1812, kwa ajili ya makaa ya mawe, chokaa na chuma. Mlima Blorenge ulio juu yako uko katikati ya gati hili la kupakilia mashua na viwanda vya mji wa Blaenavon, na chuma kiliteremshwa mlimani kwa magari ya reli yaliyovutwa na farasi na kushushwa kwa minyororo kwenye miteremko mikali. Mawe yaliyoshikilia reli bado yako njiani, na matundu yake. Ukitaka jasho, fuata njia hiyo kupanda. Blaenavon yenyewe imo katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na inastahili siku yake.

Ila mimi nakushauri ugeuke kulia ufuate mfereji. Mainjinia walifuata umbo la mlima badala ya kulipasua, kwa hiyo kwa kilomita nyingi maji hayapandi wala hayashuki, na njia ya kando, ambayo farasi waliitumia kuvuta mashua, ni tambarare. Mzee mwenye magoti mabovu anaweza kwenda. Unapita Govilon, unapita Gilwern, madaraja ya mawe yaliyopinda juu ya maji, kila moja na namba yake. Mei chini ya miti kunakuwa na maua ya bluu yaliyotandazwa hadi usione udongo. Boti ndefu nyembamba zinapita polepole kuliko wewe, na mwenye boti ana muda wa kukuuliza umetoka wapi. Mama mdogo aliswali adhuhuri hapo, kwenye majani kati ya njia na ukuta, akielekea kusini-mashariki. Waliopita walipunguza sauti wakapita.

Baada ya kilomita kumi na kitu kutoka Abergavenny unafika Llangattock. Teremka mpaka mtoni, na mbele yako ni daraja la Crickhowell. Hesabu matao yake ukiwa upande mmoja, utapata 13. Vuka, shuka ukingo wa pili, hesabu tena: 12. Daraja limeunganishwa na kupanuliwa nyakati mbalimbali na pande zake hazilingani, basi, lakini watoto hawachoki nalo. Mji wenyewe una barabara kuu fupi iliyojaa maduka ya wenyeji: bucha, mwokaji mikate, duka la vitabu, duka la vifaa vya nyumbani lenye kila msumari. Watu wake wamepigania sana wasiletewe duka kubwa la kampuni, na unaona faida yake ukitembea pale. Juu ya mji kuna Crug Hywel, kilima chenye kilele bapa na mabaki ya ngome ya Enzi ya Chuma. Kupanda ni saa moja na ushee kwa mtu asiye na haraka. Basi la kutoka Brecon linapita Crickhowell na kukurudisha Abergavenny.

Skirrid nitausema kwa ufupi: ni mlima wa nusu siku, una maegesho chini yake, unapanda kwenye miti kisha unatembea juu ya mgongo mrefu mwembamba wenye upepo. Upande mmoja uliporomoka zamani, na wenyeji wa kale waliamini kwamba uliporomoka saa ile Yesu aliposulubiwa. Walichukua udongo wake wakaunyunyiza mashambani. Kileleni palikuwa na kanisa dogo la Mtakatifu Mikaeli, ambapo Wakatoliki walikusanyika wakati ibada yao ilipopigwa marufuku. Yamebaki mawe mawili ya mlangoni. Na Rudolf Hess, naibu wa Hitler, alipokuwa mfungwa katika hospitali ya Maindiff Court mjini Abergavenny kuanzia 1942 hadi 1945, alitazama mlima huu huu.

Nimeweka bonde la Ewyas, kaskazini mwa Abergavenny, mwisho kwa sababu huko unahitaji gari, na dereva mvumilivu. Barabara ya kwenda Llanthony ni nyembamba, ina ukuta wa majani pande zote mbili, na magari mawili hayapishani isipokuwa kwenye vituo vilivyopanuliwa. Aliye karibu na kituo ndiye anayerudi nyuma. Ukipishwa, inua mkono kushukuru. Kila mtu anafanya hivyo.

Njiani kuna Cwmyoy. Kanisa lake limejengwa juu ya ardhi iliyoteleza, na mnara umeinamia upande mmoja huku sehemu ya madhabahu imeinamia mwingine. Ukisimama ndani na kutazama mbele, macho yanatafuta mstari ulionyooka yasiupate. Wamelitegemeza kwa nguzo za mawe, na bado linatumika.

Kisha bonde linafunguka na unayaona magofu ya Llanthony. Watawa wa Kiaugustino walianzisha makazi hapa mwanzoni mwa karne ya 12, vita vikawakimbiza Gloucester, wakarudi baadaye, na kuanzia kama mwaka 1180 wakajenga kanisa hili ambalo mabaki yake tunayaona. Mwaka 1188 Gerald wa Wales, kasisi na mwandishi, alisafiri Wales katika msafara wa kuhubiri vita vya msalaba, na akaandika sifa za mahali hapa. Paa halipo. Safu ya matao yaliyochongoka imesimama wazi upande mmoja, na kila tao linakatia kipande chake cha mlima na kondoo wake. Kuingia ni bure. Katika sehemu ya majengo ya watawa kuna hoteli ndogo, na chini yake, ndani ya chumba cha mawe chenye dari la kuba, kuna baa. Muda wake wa kufungua hubadilika kulingana na msimu, ulizia kabla ya kuitegemea kwa chakula cha mchana. Nyuma ya magofu kinjia kinapanda mpaka mgongo wa Hatterrall, na huko juu unakutana na njia ndefu ya Offa's Dyke, yenye kilomita 285, inayofuata mpaka wa Wales na Uingereza. Unaweza kutembea mguu mmoja kila nchi. Tazama magharibi uone mabonde ya Wales yamepangana, kisha mashariki uone tambarare ya Herefordshire, na utaelewa kwa nini mpaka uliishia kukaa juu ya mgongo huu.

Wageni wengi wakishaona Llanthony wanarudi. Wewe nenda Partrishow. Ni kanisa dogo ubavuni mwa mlima, bonde la pili, na kulipata kunahitaji ramani. Ndani kuna kizuizi cha mbao cha mwaloni kilichotenganisha waumini na madhabahu, cha mwaka 1500 hivi, kimechongwa majani na mizabibu kwa wembamba ambao huamini ni mbao mpaka usogee. Wakati wa Matengenezo ya Kanisa vingi vya namna hii vilivunjwa. Hiki kilibaki, na nadhani umbali wake ndio uliokiokoa. Ukutani nyuma yako kuna mchoro wa mifupa ya mtu: mkononi ameshika kipima saa cha mchanga, fyekeo na sepetu. Mchoro huo ulimtazama kila mkulima aliyetoka ibadani. Chini ya kanisa, karibu na kijito, kuna kisima cha Mtakatifu Issui, na hadi leo watu wanaacha hapo sarafu na tepe.

Chukua ramani ya karatasi, ile ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, yenye jalada la rangi ya machungwa, namba OL13. Vinjia vya haki vimechorwa humo kwa vistari vya kijani, na mabondeni simu haishiki mtandao. Viatu viwe vya kuzuia maji hata Julai. Machi na Aprili kondoo wanazaa, kwa hiyo pita mbali nao, na mwenye mbwa amfunge kamba. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi, kwa sababu mkulima ana maana yake.

Kama ni mara yako ya kwanza, au una mzazi aliyekuja kukutembelea, anza na mfereji: treni ya asubuhi mpaka Abergavenny, vikeki vya soko mfukoni, Llanfoist, Gilwern, chai Crickhowell, basi la kurudi. Angalia saa ya basi la mwisho kabla hujaondoka stesheni, na usipange kwenda Jumapili bila kuhakikisha kwamba mabasi yapo.